Boba Fett yupi wa kununua? Sita nimewapanga, kuanzia wa kwanza kuchukua hadi wa kuachia wenye pesa

Antena ya sanamu yangu ya kwanza ya Boba Fett, yule mwindaji wa watu kwa malipo wa filamu za Star Wars, ilikatika siku ya tatu. Hakuna mtoto aliyeichezea. Nilikuwa nampangusa vumbi kwa kitambaa cha miwani, uzi ukanasa kwenye ile fimbo nyembamba iliyo kulia kwa kofia, tak! Nilimnunua kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeniapia kuwa ni orijino. Nilipoishika ile fimbo kati ya vidole ndipo nikaelewa: plastiki kavu, ngumu, kama kijiko cha aiskrimu. Antena ya orijino ina ulaini fulani na inazunguka kwenye kiungo chake, unaishusha mbele ya jicho na kuirudisha juu. Yangu ilikuwa imegandishwa tu. Gundi ilisaidia wiki mbili.

Tangu hapo nimeshika wengi, wa kwangu na wa marafiki, na kila mwezi kuna mtu ananiuliza aanze na yupi. Jibu langu huwa refu, kwa hiyo leo naliandika.

Tuelewane kwanza kuhusu jamaa mwenyewe. Kwenye The Empire Strikes Back ya 1980, Boba Fett anatoa kauli nne tu na hatuoni uso wake. Kwenye Return of the Jedi ya 1983 anatumbukia shimoni kabla hajafanya la maana. Umaarufu wake wote umekaa kwenye mavazi yaliyobuniwa na Ralph McQuarrie na Joe Johnston: kofia yenye ufa wa kioo wa umbo la T, deraya iliyobanduka rangi mpaka chuma kikaonekana, bonde dogo kwenye paji la kofia, vishungi vya nywele vinavyoning'inia begani. Jeremy Bulloch aliyeyavaa aliyabeba kwa namna alivyosimama tu. Kwa hiyo sanamu ya Boba Fett yenye rangi mbaya haina kitu. Mhusika mwingine unaweza kumsamehe rangi kwa sababu uso umefanana. Huyu hana uso. Pesa yako inanunua rangi na mikwaruzo, viungo vinafuata.

Jambo la pili ni ukubwa, na hapa ndipo watu wanapolia baada ya kifurushi kufika. Boba ana urefu wa mita 1.83. Kwa kipimo cha 1/18 anatoka kama sentimita 10, yaani kidole cha kati cha mtu mzima na ziada kidogo. Kwa 1/12 ni sentimita 15, na kwa 1/6 ni sentimita 30, sawa na rula ya shule. Picha za tangazo hazikuonyeshi hilo. Rafiki yangu mmoja aliagiza akidhani atapata cha kuweka mezani sebuleni; kilichofika kiliingia kwenye mfuko wa shati.

Bei ninazotaja ni za kule vinakotoka, kwa dola, na ni za kukadiria. Mzigo na ushuru tutavifikia.

1. Black Series ya Hasbro (sm 15, kama dola 25)

Ukiniuliza bila kunipa nafasi ya kujieleza, nitakwambia chukua huyu. Alionekana mara ya kwanza 2013 kwenye tamasha la San Diego, kisha akaingia madukani, na 2019 Hasbro wakamrudisha kwenye toleo la Archive. Ndiyo maana bado anapatikana kwa bei ya kibinadamu: ametoka zaidi ya mara moja. Magoti yanakunja, viwiko vinakunja, jetipaki (ule mkoba wa kurukia) inatoka mgongoni, antena inashuka.

Kasoro zake zipo. Mikwaruzo ya rangi imepigwa kiwandani kwa chapa, kwa hiyo ukimweka karibu na taa kali unaona kingo zimenyooka mno. Halafu bunduki yake huja imepinda kwa kubanwa ndani ya boksi. Usihangaike: ichovye kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa nusu dakika, inyooshe kwa vidole, kisha itumbukize kwenye maji baridi. Inakaa hivyo hivyo.

Angalia pia ni Boba wa filamu ipi. Vikinga vya mikono vikiwa vya kijani, huyo ni wa 1980. Vikiwa vyekundu vilivyoiva, ni wa 1983. Na kuna yule wa tamthilia za miaka ya karibuni, mwenye deraya iliyopakwa upya na kanzu nyeusi chini yake. Huyo ni mzuri, lakini amependeza mno kwa ladha yangu. Mikwaruzo yote imefutwa.

2. Boba wa kuunganisha mwenyewe wa Bandai (sm 15, chini ya dola 40)

Wengi hawamfikirii kabisa, na mimi nampenda kiasi kwamba nimejizuia kumweka namba moja. Bandai wa Japani walimtoa 2015. Unapata fremu za plastiki zenye vipande vidogo vidogo, unavikata kwa koleo, unavibana bila gundi. Jioni mbili kwa mtu mwenye subira, wikendi nzima kwa mwenye watoto.

Umbo lake ni sahihi kuliko la Black Series, hasa kofia. Tatizo ni kwamba plastiki inakuja na rangi zake za msingi, na mikwaruzo iko kwenye stika na karatasi za kuhamishia alama kwa maji. Ukizibandika ovyo, anafanana na daladala lililobandikwa matangazo. Mimi nilichukua kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, nikakichovya kwenye rangi ya fedha, nikaipunguza kwenye gazeti mpaka karibu ikauke, kisha nikagusa gusa kingo za deraya. Dakika 10 tu, na alitoka kama mtu aliyeburuzwa jangwani. Hakuna sanamu ya kiwandani ya bei hiyo inayofika hapo.

Usimpe mtoto, na usimbebe safarini. Viungo vyake si vya kuchezea, na vipande vya mkononi vinachomoka.

3. Hot Toys (sm 30, zaidi ya dola 250)

Kampuni hii ni ya Hong Kong, na wanachofanya wao ni mtu mdogo, si mdoli. Nguo ni kitambaa kilichoshonwa. Shali la bega la kushoto limechakazwa kwa makusudi. Vishungi vya begani vinaning'inia kama nywele kweli. Mikwaruzo ya deraya ina tabaka: kijani, chini yake fedha, pembeni njano. Niliwahi kukaa na wa jamaa yangu mmoja jioni nzima, taa ya simu mkononi, na bado nilikuwa nagundua vitu.

Kwa nini basi namba tatu? Kwanza bei: kwa mmoja wa hawa unapata kundi zima la Black Series. Pili, mwili wa kitambaa haupendi kukunjwa sana. Ukimkalisha mwezi mzima, magoti yanabaki na mikunjo. Tatu ni hali ya hewa yetu. Kwa anayeishi Dar, Mombasa, Tanga au Unguja, unyevu na chumvi ni maadui wa kila kitu chenye ngozi bandia au mpira laini. Vinaanza kunata, kisha vinachubuka. Ukinunua, mweke kwenye kabati la kioo, mbali na dirisha, na umtupie vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

4. Vintage Collection ya Hasbro (sm 10, kama dola 17)

Huyu ni wa mtu anayetaka chombo cha Boba pia, maana meli za kipimo hiki ndizo zinazotengenezwa za kuingiza sanamu ndani. Kadi yake, yaani karatasi ngumu anayofungiwa dukani, imechorwa kwa mtindo wa zamani, na wengi hawamtoi kabisa, wanamtundika ukutani. Rangi ni ya wastani. Sina zaidi.

5. MAFEX na S.H.Figuarts (sm 15, dola 70 hadi 100 au zaidi)

Wawili hawa wa Kijapani, mmoja wa Medicom na mwingine wa Bandai, nimewaweka pamoja kwa sababu malalamiko yangu ni yale yale. Wanakunja kila mahali, wanakuja na mikono ya kubadilisha, na kwenye picha wanang'aa. Kwa mpiga picha za sanamu, hawa wanapanda hadi namba mbili. Lakini vigingi vya viganja ni vyembamba, ukibadilisha mikono kwa pupa kigingi kinabaki ndani. Pia hawakai sokoni; wakiisha, bei inapaa na waigaji wanajitokeza. Feki nyingi nilizokutana nazo zilikuwa za kundi hili.

6. Kenner wa 1979 (sm 10 kasoro)

Namba sita kwa mnunuzi wa kawaida, ingawa ndiye anayefanya watu wazima watetemeke.

Kisa chake kinastahili kusimuliwa, kwa sababu kinaeleza bei. Kabla filamu ya 1980 haijatoka, kampuni ya Kenner iliwaahidi watoto wa Marekani: kateni vithibitisho vinne vya ununuzi kutoka kwenye kadi za sanamu nyingine, tumeni kwa posta, tutawapa Boba Fett mwenye roketi inayofyatuka mgongoni. Wakati huo huo mtoto mmoja alifariki baada ya kukabwa na kombora dogo la chombo cha kuchezea cha kampuni nyingine. Kenner wakaogopa. Walijaribu kufuli ya roketi yenye mfereji wa umbo la L, wakabadilisha kuwa J ili isifyatuke kirahisi, mwisho wakaacha. Watoto waliletewa Boba mwenye roketi iliyogandishwa. Hakuna mwenye roketi ya kufyatuka aliyewahi kuuzwa dukani. Vilivyobaki ni vielelezo vya kiwandani vichache. Kimoja, kilichopakwa rangi kwa mkono, kiliuzwa na nyumba ya mnada ya Heritage Auctions mwaka 2024 kwa dola 525,000.

Kwa hiyo ukiona mtu anauza "Boba wa 1979 anayefyatua" kwa dola 200, funga ukurasa. Hasbro wenyewe walitoa mwenye roketi ya kufyatuka kwa posta mwaka 2010, na huyo ni halali kabisa, ila ni wa 2010.

Boba wa kawaida wa 1979, asiye na kadi yake tena, bado anapatikana kwa bei ya kuvumilika, na thamani yake inashuka sana akikosa bunduki. Ana viungo vitano tu: shingo, mabega, nyonga. Geuza mguu usome: kwa kawaida utaona mwaka na nchi alikotengenezwa kwenye plastiki.  Bunduki ndiyo inayoigwa zaidi. Wazee wa fani huitumbukiza kwenye maji: ya kweli mara nyingi inaelea, ya kuiga mara nyingi inazama. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, usimwage pesa kwa sababu ya glasi ya maji.

Kabla hujalipa

Mwombe muuzaji picha ya kofia kwa karibu, taa ya pembeni, na picha ya nyuma ya boksi. Feki hujificha kwa picha ya mbele iliyokopwa kwa kampuni. Angalia mstari mwekundu kuzunguka ule ufa wa T: kwenye feki rangi nyekundu inavuja kwenye kioo cheusi. Muulize kama antena inashuka. Akikujibu "iko poa boss" bila picha, unajua.

Kuhusu kuagiza: VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, na ushuru wa forodha na ada nyingine zinakuja juu yake. Sanamu ya dola 25 ikisafiri peke yake, nauli inaweza kuizidi. Sisi huwa tunaungana watu wanne au watano, tunajaza katoni moja, tunagawana gharama kwa uzito. Boksi la Hot Toys linakula nafasi ya Black Series wengi, kwa hiyo mwenye Hot Toys alipe sehemu yake kabla katoni haijafungwa. Hili tulijifunza kwa kugombana.

Na ukimpangusa, tumia brashi laini ya vipodozi. Kitambaa cha miwani kiache kwenye miwani.