Steshenari ya soko la Mwanga, yule dada ametuokolea jina la babu

Jamani wa Kigoma, kama una fomu ya maana ipeleke ile steshenari ndogo upande wa juu wa soko la Mwanga, yenye mlango wa bluu. Mi nilienda wiki iliyopita na binti yangu kujaza maombi ya mkopo wa chuo na nimetoka na heshima kubwa kwa yule dada anayekaa pale.

Jina letu la tatu ni Livingstone. Babu alibatizwa hilo huko huko Ujiji, si mbali na pale mwandishi wa habari Stanley alipomkuta Daktari Livingstone, yule mmisionari, mwaka 1871, lilikuwa jina lake tu la kwanza ila kwenye fomu likageuka la ukoo. Sasa cheti cha kuzaliwa cha binti kimeandikwa Livingston, cha kidato cha nne Livingstone. Sehemu nyingine walishatujazia haraka haraka hakuna aliyeona, mfumo ukagoma, hela imeenda. Huyu dada kabla hajagusa kompyuta kaomba vyeti vyote, kavipanga mezani anapitisha kidole herufi moja moja, halafu ananiuliza, "Baba, samahani, hili jina lenu lina e mwishoni au halina?"

Nikakosa jibu, na nina miaka 47.

Akatuelekeza kwa wakili wa jirani kwa ajili ya kiapo cha majina, na kwa vile foleni ilikuwa ndefu nikakaa kwenye benchi na simu, bando lote likaishia kwenye hilo jina. Kumbe sio la Kiingereza hasa, ni la Scotland. Sisi kanisani tulifundishwa maana yake ni jiwe lililo hai, kama kwenye Petro wa kwanza, na babu alilipenda kwa hilo, lakini mawe hayamo. Karne ya 12, enzi za mfalme David I, kulikuwa na mtu anaitwa Leving, alikuwa na ardhi magharibi ya Edinburgh, watu wakapaita mji wa Leving, ni vile vile sisi tunavyosema Kwa Mtoro. Waliotoka hapo wakabeba jina la kijiji. Wengine wa visiwa vya magharibi walikuwa MacLea, walivyoanza kutumia Kiingereza wakachukua hilo hilo, na babu yake Daktari alitokea huko huko, kisiwa cha Ulva.

Na hiyo e! Daktari mwenyewe ujanani alisaini Livingston, e kairudisha miaka ya 1850. Marekani wengi wanaandika bila e, kama yule Philip Livingston aliyesaini tangazo la uhuru wao 1776. Uingereza kwenyewe sio jina la kila mtaa, wengi wako Scotland, ingawa London walikuwa na meya Ken Livingstone kuanzia 2000 mpaka 2008. Ila huku kwetu, Malawi na Zambia ni jina la ubatizo, unaitwa Livingstone na baba yako ni Mha kamili, kabila la hapa Kigoma.

Nilivyorudi nikamwambia dada tuweke e, maana ndivyo ilivyo kwenye kadi ya ubatizo ya babu. Akasoma tena yote kwa sauti, binti akaitikia, ndo akatuma.

Bei ni za kawaida, kujaziwa fomu elfu tano, kopi mia. Ubaya ni joto, feni moja watu kumi na tano, na printa yao wino umepauka mpaka tukarudia kurasa mbili (hakututoza tena). Nendeni asubuhi, sisi tuliingia saa nne na namba ya maombi ilitoka saa nane na robo, ina e yake. Binti kaipiga picha akamtumia bibi yake Ujiji.