Waliolipangia upya gia na injini lori langu
Lori langu lilitoka kufumuliwa likiwa na injini iliyosukwa upya, nozeli sita mpya (za kupulizia mafuta kwenye silinda) na difu, yaani gia za ekseli zinazozungusha magurudumu, ya uwiano mwingine, ila kompyuta ya lori, inayoongoza injini na giaboksi, ilikuwa bado inakumbuka vifaa vya zamani. Likitoka gia ya pili kwenda ya tatu linapiga kishindo, na spidomita inasoma uongo.

Fundi hakukimbilia kompyuta. Kwanza alipima oili ya giaboksi ikiwa ya moto, akaunganisha chaja ili umeme wa betri usishuke kazi ikiendelea, akahifadhi nakala ya mipangilio ya awali. Hapo roho yangu ikatulia. Aliingiza namba za kila nozeli kwa silinda yake, uwiano mpya wa difu na ukubwa wa matairi, akafuta yote ambayo giaboksi ilijifunza kwenye klachi za zamani zilizochakaa. Tukaingia barabarani, kwanza tupu, kisha na mzigo, mpaka gia zikabadilika kwa ulaini.

Niliomba aongeze nguvu, akakataa: giaboksi ile ina kikomo chake cha toki, yaani nguvu ya kuzungusha. Namheshimu kwa hilo. Kasoro ni moja, karatasi ya mipangilio mipya niliidai mara mbili ndipo nikaipata.