Manesi sita wasio na bosi: huduma ya nyumbani kwa baba yangu, Tanga

Baba yangu ana miaka 79. Alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu, na mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kulia. Tangu aruhusiwe hospitali yuko nyumbani, Makorora, nami nina genge sokoni Mgandini ambalo lazima nilifungue asubuhi mapema. Nimeshajaribu huduma mbili za kumtunza. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye mzazi kitandani.

Ya kwanza ilikuwa ya wakala, sitamtaja. Kwa miezi mitatu tuliletewa wahudumu tisa. Kila aliyekuja alikuja na maagizo: ogesha, pima presha, toa dawa, ondoka. Siku moja binti mmoja aliona wekundu kwenye makalio ya baba. Akampigia msimamizi, simu haikupokelewa, naye hakuthubutu kufanya lolote bila ruhusa. Kesho yake akaja mwingine asiyejua habari ile. Wekundu ukageuka kidonda, na kidonda kilituchukua wiki sita. Mpaka leo nikikumbuka harufu ya chumba kile roho inaniuma.

Hawa wa sasa ni manesi sita wanaoishi humu humu, Makorora, Mabawa na Ngamiani. Bosi hawana. Jumapili jioni wanakaa na kupangana zamu, wanaamua pamoja kama wanamudu mgonjwa mpya, na hesabu za pesa wanapokezana. Nilishuku, nikaomba kuona leseni zao za Baraza la Uuguzi na Ukunga. Walinionyesha bila kununa.

Mkubwa wao kiumri aliniambia mfano wameuchukua Uholanzi, kwa Buurtzorg, shirika la wauguzi wa nyumbani. Muuguzi aitwaye Jos de Blok alilianzisha mwaka 2006 na timu moja ya wauguzi wanne. Sasa wako maelfu, lakini timu moja haizidi watu 12. Meneja wa timu hakuna. Kuna mshauri wa kuwasaidia wakikwama, ila hana mamlaka ya kuwaamrisha. Wao wana mfumo wa kompyuta wa kuandikia kila kitu. Wa kwetu wana kauntabuku, inakaa juu ya kabati la baba, na kila anayeingia huisoma kabla hajamgusa mgonjwa.

Siku ya kwanza nesi hakufungua hata mkoba. "Shikamoo mzee," akaketi, akaomba kahawa, akamshikia baba kikombe upande wa mkono mzima. Maneno ya baba hutoka kwa taabu, akamngoja. Karibu saa nzima. Mimi niliyeishi naye nilidhani anachotaka ni kupona mkono. Kumbe alichokuwa anakililia ni kukaa barazani baada ya alasiri, wazee wenzake wanapokunywa kahawa. Wakaandika hivyo kwenye daftari: *mzee afike barazani.* Wakamfundisha mwanangu jinsi ya kumwinua bila kumvuta bega. Wakamwomba kinyozi jirani yetu awe anakuja Ijumaa kumnyoa kabla ya swala. Wiki ya tano baba alikaa nje dakika ishirini, kofia kichwani, na wazee wakampisha mahali pake pa zamani.

Halafu wekundu ulirudi, safari hii kisiginoni. Nesi aliyeuona aliweka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie, akaandika, akawapigia wenzake. Wa jioni alipoingia, kitu cha kwanza alitazama mguu. Sisi tukagawana usiku, mimi na wifi yangu, kumgeuza kila baada ya saa mbili. Ngozi haikuchubuka. Kwangu mimi hapo ndipo tofauti ilipo: anayemwona mgonjwa ndiye anayeamua, na wenzake wote wanajua.

Kasoro wanazo. Ramadhani walibadilisha saa, asubuhi moja wakaja wawili na jioni hakuja mtu. Nikamwogesha mwenyewe huku futari ikinisubiri. Nilipouliza bei ya ziara za ziada nilipata majibu mawili tofauti, na ilichukua wiki wakubaliane. Nimewaomba watoe namba moja tu ya kupiga panapotokea tatizo. Zamu za usiku hawafanyi. Ziara moja ni shilingi 15,000, na bandeji na pampasi unanunua mwenyewe. Wakala alikuwa rahisi kidogo, lakini kile kidonda kilinigharimu zaidi.

Wiki iliyopita wawili wao walikuja wakati nipo, wakasema wamekubaliana kupunguza ziara zetu kutoka tano hadi tatu kwa wiki, kwa sababu mwanangu sasa anaweza kumwogesha na kumtoa nje. Hakuna aliyewalazimisha, na kipato chao kutoka kwetu kimepungua. Siku mbili zilizobaki wamempa bibi mmoja wa Mabawa aliyevunjika nyonga.