Hadubini ya maabara ndogo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Muuzaji wa hadubini hukutajia kwanza ukuzaji. "Hii inafika elfu moja na mia sita, ile elfu mbili." Mara ya kwanza nilipotumwa mjini kuinunulia zahanati hadubini, nikiwa kijana wa maabara mwenye cheti kipya, mtego huo ulininasa mzima mzima. Nilirudi Tanga na chombo kilichobandikwa 2000X, nikaweka slaidi ya BS (damu ya kupima malaria) niliyokwisha kuisoma kwenye hadubini ya kuazima. Vimelea nilivyovihesabu wiki iliyotangulia sikukiona hata kimoja. Niliona mawingu ya zambarau, makubwa kwelikweli.

Walichofanya watengenezaji ni kuweka lenzi za jicho za 20X juu ya lenzi dhaifu ya 100. Hesabu inatoka 2000, lakini picha haipati kitu kipya. Ni kama kuvuta picha ya simu kwa vidole viwili: uso unajaa kioo na bado humtambui mtu.

Namba ya kutazama ni ile inayofuata ukuzaji, imechongwa ubavuni mwa lenzi: 4/0.10, 10/0.25, 40/0.65, 100/1.25. Hiyo ya pili tunaiita NA. Inaeleza lenzi inakusanya mwanga kwa upana gani, na ndiyo inayoamua utaona nini. Kwa NA ya 1.25, vitu viwili vilivyokaribiana kuliko takriban mikromita 0.27 vitaonekana kimoja, hata ukikuza mpaka kesho. Kanuni ya mkononi ni kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi NA mara 1000. Kwa hiyo lenzi ya 1.25 inakomea 1250, na lenzi ya jicho ya 10X inaitosha kabisa. Ukiona tangazo la 1600X au 2000X, jua anayeuza hajui, au anajua sana.

Mwongozo huu ni wa zahanati, kituo cha afya au maabara binafsi inayosoma BS, choo, mkojo na makohozi. Wapo wanaosema mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, imeimaliza hadubini. Haijaimaliza. Kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya HRP2 kinaweza kuendelea kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, tena hakihesabu vimelea. Daktari akitaka kujua kama dawa inafanya kazi, anarudi kwako na tone nene, yaani damu iliyowekwa nene kwenye slaidi ili ihesabiwe. Hapo inayofanya kazi ni lenzi ya 100 na tone la mafuta. Kwa ufupi, unanunua lenzi ya 100. Vingine vyote ni kiti chake.

Sasa niseme ningeweka ipi mbele ya ipi.

Ya kwanza kwangu ni Olympus CX23. Taa yake ni LED, lenzi zake ni za Plan, maana yake picha iko kali katikati na pembeni pia, na eneo la kuona ni la namba 20. Hiyo 20 watu huipuuza. Ukitumia lenzi ya 100, namba 20 inakupa duara la kipenyo cha milimita 0.20, namba 18 inakupa 0.18. Tofauti yaonekana ndogo, lakini kwa eneo ni kama asilimia 23. Anayetakiwa kupitia fildi 100 (fildi ni duara moja unaloliona kwa wakati mmoja) kabla ya kuandika "hakuna vimelea", slaidi baada ya slaidi, atakuwa ametazama damu nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Usishtuke ukikuta karatasi za kampuni zina jina Evident. Kitengo cha hadubini cha Olympus kilitengwa kwa jina hilo mwaka 2022.

Ya pili ni Nikon Eclipse E100. Ni chombo kigumu, skrubu zake laini, picha safi. Naiweka nyuma kwa sababu moja tu: kila nilipofanya kazi, fundi na vipuri vya Olympus vilipatikana upesi zaidi. Kama kwenu fundi wa Nikon yupo jirani, pindua mpangilio wangu bila kuniuliza.

Ya tatu itawashangaza wengine: Olympus iliyotumika, CX21 au CX22, kabla ya Kichina kipya. Lenzi nzuri haizeeki kama gari. Lakini hapa ndipo watu hulizwa, kwa hiyo usilipe kabla ya majaribio nitakayoyaeleza chini. CX21 hutumia balbu ya halojeni ya volti 6 na wati 20. Ulizia bei ya balbu kabla ya bei ya hadubini.

Zeiss Primostar na Leica DM500 ni hadubini nzuri sana, wala sina la kuzisema vibaya. Ziko hapa chini kwa sababu ya vipuri tu. Isipokuwa maabara yako inapokea makohozi mengi. Hapo iulizie Primostar ya aina ya iLED, inayosoma kwa mwanga wa bluu slaidi za kifua kikuu zilizopakwa auramini, rangi ing'aayo. Unatazama kwa ukuzaji wa 200 hadi 400 badala ya 1000, fildi inakuwa pana, bakteria wanang'aa kwenye giza kama vimulimuli, na slaidi moja haikuli nusu ya asubuhi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupendekeza taa za LED kwa kazi hiyo mwaka 2011.

Mwisho ni Kichina cha kawaida, mara nyingi XSZ-107BN au ndugu zake wenye majina mbalimbali. Bei yake hukaa karibu na dola mia mbili tatu, wakati mpya ya kampuni kubwa huanzia dola elfu moja na kuendelea. Si takataka. Nimewahi kusoma malaria kwa moja kwa miaka, na ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba mbili zilizotoka katoni moja zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku. Ukinunua hii, fungua maboksi matatu na uchague.

Zile za kuchomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na zile za jicho moja za wanafunzi zenye mikono ya plastiki, zipite. Zinafaa kutazama ganda la kitunguu.

Majaribio ya dukani

Nenda na slaidi yako. Ukinyimwa kuiweka, toka. Yangu ni BS iliyopakwa rangi ya Giemsa vizuri, yenye vimelea vichache, ambayo nimekwisha kuisoma na naijua. Weka mafuta, leta lenzi ya 100. Pete changa ya malaria lazima ikuonyeshe nukta nyekundu ya kromatini (kiini cha kimelea) na utepe wa bluu, kila kimoja na rangi yake. Kama vyote vinaungana kuwa doa moja la zambarau, lenzi hiyo haikufai, hata wakupunguzie nusu bei. Kisha isukume pete hiyo hadi ukingoni mwa duara. Ikififia kidogo, sawa, ikipotea, hapana.

Weka picha kali kwa lenzi ya 10, kisha zungusha kwenda 40 bila kugusa skrubu kubwa. Picha inatakiwa iwe karibu kukaa. Robo mzunguko wa skrubu ndogo uimalize. Halafu nyanyua mikono, hesabu mpaka mia. Picha ikijipoteza yenyewe, jukwaa linateleza, nawe utakuwa ukilipandisha siku nzima kama mtu achotaye maji kwa ndoo inayovuja. Bonyeza taratibu ncha ya lenzi ya 40 na ya 100: inatakiwa izame kidogo na kurudi. Springi hiyo ndiyo inayookoa slaidi, na lenzi yenyewe, siku ya haraka.

Kwa hadubini iliyotumika, chomoa moja ya lenzi za jicho, igeuze juu chini, uitumie kama kioo cha kukuzia kutazama uso wa lenzi ya 100. Utaona mikwaruzo, mafuta yaliyokauka, na ukungu, ambao huonekana kama utando wa buibui. Wa juu juu husafishika. Ulioingia ndani ya lenzi ni msiba. Fundi atakuambia anaweza, na pesa yako itaondoka naye.

Na usichanganye lenzi za makampuni. Lenzi iliyoandikwa 160/0.17 ilitengenezwa kwa mrija wa milimita 160. Ile yenye alama ya ∞ inahitaji lenzi nyingine ndani ya mwili wa hadubini. Zote zinaweza kuingia kwenye nyuzi zile zile, ndiyo maana watu hudanganyika.

Ukishaileta maabara

Ibebe kwa mikono miwili, mmoja shingoni, mmoja chini ya kitako. Umeme wenu ukiwa wa kupanda na kushuka, stabilaiza ni sehemu ya bei, si anasa.

Kosa ninaloliona zaidi kwa vijana si lenzi, ni kondensa, ile lenzi ya chini ya jukwaa inayoelekeza mwanga kwenye slaidi. Kwa mafuta na lenzi ya 100, ipandishe juu kabisa na ufungue sehemu kubwa kiwambo chake, kile kinachobana mwanga. Kondensa ikikaa chini, NA uliyoinunua kwa pesa nyingi unaitupa. Kwa choo na mkojo, ambavyo havina rangi, fanya kinyume: shusha kondensa kidogo, bana kiwambo, hadi mayai ya minyoo na seli vionyeshe kingo zake. Asiyejua hili hupandisha mwanga, na kadiri anavyoupandisha ndivyo anavyopofuka.

Mafuta hayapaswi kufika kwenye lenzi ya 40. Ukishaweka tone, usirudi nyuma; ukitaka kurudi, futa slaidi kwanza. Jioni futa lenzi ya 100 kwa karatasi ya lenzi, si kwa pamba ya sindano wala pindo la koti. Mafuta yakigoma, mchanganyiko wa etha na alkoholi, matone mawili kwenye karatasi. Zailini, kiyeyushi kile cha maabara, iogope: ikizidi huyeyusha gundi inayoshika vioo vya ndani, na uharibifu wake hauonekani siku ile.

Kwa sisi wa Pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, adui mkubwa ni unyevu. Usiifunike hadubini kwa mfuko wa plastiki usiku kucha. Mfuko hufungia jasho ndani. Ikae kwenye kabati dogo lenye balbu ya wati chache inayowaka, au kwenye boksi lenye silika jeli. Silika ya bluu ikigeuka waridi imeshiba maji: ikaange kwenye moto mdogo mpaka ibadilike kuwa bluu tena, kwenye kikaango cha maabara kilichoandikwa jina, si kile cha kupikia, kwa sababu rangi ile ni ya kobalti na ni sumu.