Maegesho ya watu wenye ulemavu katika jengo moja la biashara Mwanza: nafasi ni nzuri, kibali hakuna

Katika muda wa miezi miwili nimefika mara nne kwenye jengo moja la maduka na ofisi lililo katikati ya Jiji la Mwanza, upande unaoteremka kwenda ziwani, na mara zote nilikuwa na baba yangu, ambaye tangu alipopata kiharusi hutumia kiti mwendo. Tathmini hii haihusu maduka ya jengo hilo wala bei zake. Inahusu nafasi mbili za maegesho zilizo karibu na mlango mkuu, zenye alama nyeupe ya kiti mwendo juu ya rangi ya buluu, kwa kuwa kwa familia kama yetu nafasi hizo ndizo zinazoamua kama baba atashuka garini au atabaki amekaa akinisubiri. Jina la jengo sitalitaja, kwa sababu kasoro nitakayoieleza nimeikuta pia katika majengo mengine ya jiji hili, na hili angalau limejitahidi kuliko mengi.

Aliyechora nafasi hizo alijua anachokifanya. Nilizipima kwa utepe wa fundi nikapata upana wa mita 2.4 kila moja, na kati yake kuna ukanda uliopigwa mistari wenye upana wa mita 1.2, vipimo ambavyo ndivyo vinavyopendekezwa Uingereza. Viwango vya Marekani vinataka ukanda huo ukaribie mita 1.5, nami baada ya kuutumia naelewa sababu. Baba hukaa kiti cha mbele upande wa kushoto. Ili atoke, mlango lazima ufunguke wote. Hugeuka akiwa bado amekaa, akautoa nje mguu wa kulia kwa kuuinua na mkono wa kushoto, kisha hushika nguzo ya mlango, nami wakati huo ninakuwa nimekwisha kukisogeza kiti mwendo hadi kikaribie kugusa gari. Katika maegesho ya kawaida, ambako kati ya gari na gari hupita mtu mwembamba kwa ubavu, hatua zote hizo haziwezekani. Inabidi nimshushe katikati ya njia, magari yakisubiri nyuma yetu na madereva wakipiga honi, naye akijaribu kuharakisha mwili usioharakika. Katika ukanda huu wa mita 1.2 anashuka kwa utulivu, ingawa magurudumu ya kiti hubaki yamekaribiana sana na gari la jirani.

Jambo la pili lililonifurahisha ni kwamba sakafu ya nafasi hizo ni tambarare. Mwanza ni jiji la miamba na miteremko, na sehemu kubwa ya maegesho yetu imefuata ardhi ilivyolala. Breki za kiti cha baba zimelegea kidogo, hivyo ndani ya buti ninabeba jiwe la ukubwa wa ngumi kwa ajili ya kuzuia gurudumu wakati anapohamia kitini. Hapa jiwe hilo halikutoka. Kutoka kwenye ukanda hadi mlangoni hakuna ukingo wa kuvuka, kuna njia mteremko fupi yenye mkono wa chuma pande zote mbili.

Upungufu wa wazi ni idadi. Nilihesabu nafasi 60 kwa jumla, na kwa kiwango cha Marekani eneo lenye nafasi kati ya 51 na 75 hutakiwa kutenga angalau 3 kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kukosa nafasi moja, hata hivyo, ningelivumilia kwa urahisi kama hizo mbili zingepatikana.

Katika safari nne, nafasi iliyo wazi tuliipata mara moja tu. Safari ya kwanza, Jumamosi saa nne asubuhi, nafasi zote mbili zilikuwa zimechukuliwa, moja ikiwa na gari kubwa lenye dereva ndani, amewasha kiyoyozi, anatazama simu. Nilipomsogelea akaniambia, «Dakika mbili tu, dada, namsubiri bosi.» Tulisubiri dakika ishirini na tano. Safari ya pili gari halikuwepo hata moja, lakini ndani ya ukanda wenye mistari zilikuwa zimepangwa bodaboda tano, kwa kuwa ukanda ule unaonekana kama uwanja usio na mwenyewe. Watu wengi hawajui kwamba bila ukanda huo nafasi yenyewe haina kazi. Safari ya tatu tulikuta koni, na mlinzi alipomwona baba aliiondoa haraka, akasema «Shikamoo, mzee,» akatuelekeza hadi gari likakaa sawasawa. Siku hiyo ndiyo niliyofahamu jinsi safari ya mjini inavyopaswa kuwa: tulitoka garini, tukaingia benki, tukapita duka la dawa, tukarudi, na baba hakuwa amechoka.

Safari ya nne mlinzi alikuwa yuleyule, lakini nafasi zilikuwa zimejaa magari mawili ambayo hayakuwa na dalili yoyote ya mtu mwenye ulemavu. Nilimuuliza kwa ukali kwa nini ameyaruhusu. Jibu lake nimekaa nalo tangu siku hiyo. «Dada, aliyekuja na kiti namwona. Aliyekuja bila kiti nitamjuaje? Mwezi uliopita nilimzuia baba mmoja, akapandisha suruali hapahapa getini, mbele za watu, akanionyesha mguu wa bandia. Niliona aibu sana. Tangu siku hiyo mtu akiniambia ni mgonjwa, namwachia.»

Sikuwa na neno la kumjibu, maana alikuwa na haki. Jengo limempa koni na rangi, halikumpa namna ya kujua. Kwa hiyo anabaki na njia mbili tu, na zote ni mbaya: amruhusu kila anayejieleza, au amlazimishe mtu kuuanika mwili wake hadharani ili aaminiwe. Kibali cha maegesho kinahitajika kwa ajili ya hali hiyo hasa. Ni karatasi inayowekwa nyuma ya kioo cha mbele, ikisema kile ambacho mwenye nayo hapaswi kukisema kwa mlinzi kila anapofika mjini.

Ile alama ya kiti mwendo, ambayo ilibuniwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa usanifu kutoka Denmark, Susanne Koefoed, imesambaa dunia nzima. Sisi tumeipokea alama na kuuacha utaratibu unaoilinda. Uingereza walianza kutoa kadi mwaka 1971, ikiwa ya rangi ya machungwa, na tangu mwaka 2000 ikawa ya buluu kwa kufuata mfano wa pamoja wa nchi za Ulaya. Kadi hiyo ina namba, ina tarehe ya kwisha muda, na ina picha ya mwenyewe upande usioonekana kwa wapita njia. Muda wake hauzidi miaka 3, na anayeitumia isivyo halali anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Tarehe 30 Agosti 2019, England ilipanua masharti ili watu wenye ulemavu usioonekana kwa macho nao waweze kustahili. Yule baba wa mguu wa bandia aliyevaa suruali ndefu angepita getini bila kuulizwa.

Kitu kimoja katika utaratibu huo kinatufaa Mwanza kuliko vyote: kadi ni ya mtu, si ya gari. Wengi wa watu wenye ulemavu hapa hawamiliki gari. Wanaletwa na teksi, na bajaji, au na gari la mtoto wa kaka lililoazimwa kwa siku ya kliniki Bugando. Kibali kikifungwa kwenye namba ya gari, kitawasaidia wachache wenye uwezo na kuwaacha wengi. Na kwa upande mwingine, mtoto mwenye afya atalipeleka gari la baba mjini akafurahia nafasi ambayo si yake. Mimi mwenyewe nikienda sokoni peke yangu sistahili nafasi hiyo, hata kama kiti mwendo cha baba kimo ndani ya buti.

Msingi wa kisheria haukosekani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 9 inahusu ufikikaji wa majengo, barabara na huduma, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kilichobaki ni kazi ya karibu na ardhi: nani atathibitisha, nani atatoa kibali, na mlinzi afanye nini akikuta gari lisilo nacho. Ningependa uthibitisho uanzie hospitali na kwa ofisa ustawi wa jamii, kisha kibali kitolewe bila malipo na kitambuliwe katika Nyamagana na Ilemela zote, kwa sababu mtu mmoja hupita wilaya zote mbili kwa asubuhi moja. Aliyekatwa mguu asitakiwe kuleta barua mpya ya daktari kila mwaka. Na dirisha la kuombea lisiwekwe ghorofa ya pili kwenye jengo lenye ngazi tu. Nimeyaona mengi ya namna hiyo, na mtu hukata tamaa akiwa bado chini.

Wakati hayo yakisubiriwa, uongozi wa jengo hili unaweza kuanza na stika zake yenyewe kwa wateja wa mara kwa mara, zenye namba na orodha inayokaa getini. Haitakuwa suluhisho kamili, kwa kuwa stika hiyo haitafahamika kwenye geti la jirani, lakini itampa mlinzi kitu cha kutazama badala ya miguu ya watu. Ukanda wenye mistari uwekewe vyuma vifupi upande wa barabara ili bodaboda zisiingie, na dereva anayemsubiri bosi aelekezwe nafasi nyingine hata kama injini inaunguruma na yeye mwenyewe yumo ndani.

Kwa ujenzi natoa nyota nne kati ya tano, kwa usimamizi nyota mbili, na ya pili kati ya hizo ni ya mlinzi niliyemweleza. Kwa anayekwenda na mtu wa kiti mwendo, siku za kazi kabla ya saa tatu asubuhi nafasi hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko Jumamosi. Simamisha gari kando kabla ya kulifikia geti, umpungie mlinzi mkono aiondoe koni mapema, ndipo uingie. Ukisubiri hadi uwe umesimama getini, foleni ya nyuma itaanza kupiga honi na mgonjwa wako ataanza kujaribu kufungua mlango kabla gari halijakaa sawa.