Kuvua mbasa Matema na mwongozaji: mzee anastahili kila shilingi, vifaa vya usalama bado

Msimu mzuri wa kuvua mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa, kwa fimbo pale Matema, ufukwe wa Kyela, ni huu wa joto, tangu upepo wa Mwera unapopungua nguvu hadi mvua zinapoanza kujaza mito. Watu wa Mbeya mjini wananiuliza kila mara kama kuna maana ya kumlipa mwongozaji wakati mtumbwi unaweza kuukodi kwa mvuvi yeyote pale ufukweni. Maana ipo. Ila mtafute mwongozaji mwenyewe, usiridhike na maneno ya mapokezi ya nyumba ya wageni.

Aliyetupeleka mimi na shemeji yangu ni mzee wa kabila la Wakisi, mtu wa upande wa kijiji cha Ikombe. Tulipatana naye shilingi elfu themanini, boti, mafuta na fimbo ndani yake, kuanzia alfajiri hadi jua likiwa kali. Si bei ya kuchukua kila wiki. Lakini nimewahi kulipa karibu na hiyo kwa kijana aliyekuwa anazungusha tu boti huku akichezea simu, kwa hiyo tofauti naijua.

Tulimkuta kwenye mchanga bado giza, tukamwamkia, akaitikia, kisha hakutaka tuondoke. Alikuwa anatazama taa za wavuvi wa usipa, wale samaki wadogo kama dagaa, kule mbali. Usiku usio na mwezi wavuvi wale huwasha taa, usipa wakakusanyika, na mbasa huwafuata kwa kuwa usipa ndiyo chakula chake. Mzee alingoja taa zianze kuzimwa, akaangalia ni upande upi zilikuwa nyingi, ndipo akawasha injini. Maarifa hayo ndiyo unayoyalipia.

Asiyefika huko aelewe jinsi ziwa lilivyo. Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini, kwa hiyo upande ule huhitaji kwenda mbali kupata kina kirefu. Ziwa lenyewe lina sehemu zinazofika kama mita 700. Upande wa Matema kuna mchanga na mdomo wa mto Lufirio, maji yana rangi ya udongo. Ukisogea kuelekea Ikombe unakuta mawe na maji maangavu. Mzee alituendesha pale pale rangi mbili zinapokutana, mwendo wa polepole, chambo cha bati kinachong'aa kikiwa nyuma kabisa. Kila baada ya muda alishika mshipi kwa vidole viwili, akiusikiliza. Mara moja alisema, "Jani limeshika," na kweli tulipovuta tukakuta jani limenasa kwenye ndoana. Chambo chenye jani hakichezi, na samaki hakigusi.

Mbasa akila huna haja ya kuambiwa. Fimbo inainama, gurudumu la mshipi linalia, mshipi unakata maji kuelekea kilindini. Nilitaka kukaza. Mzee akanigusa kiwiko: "Mwanangu, usimvute. Mwache akimbie, breki ifanye kazi." Alikuwa ameilegeza breki ya gurudumu mapema, akiijaribu kwa mkono kabla hatujatupa, maana mdomo wa mbasa huchanika ukimlazimisha. Samaki alikimbia, akarudi, akapita chini ya boti, na mzee akainua injini haraka ili mshipi usikwame kwenye pangaboi. Alipofika juu nikamwona vizuri: mwembamba, mweupe wa fedha, kichwa kimechongoka, magamba madogo madogo yaliyojipanga. Wazungu wa zamani walimfananisha na samoni, na ukimwona anavyopigana huwezi kuwalaumu.

Kilichonifanya niandike haya ni alichofanya mzee baadaye. Alilowanisha mikono kwanza, akamshika samaki bila kumtoa sana majini, akapapasa tumbo. Jike, na mayai yameanza. Akatuambia huyu anarudi. Mbasa hupanda mito kutaga mvua zikija, Lufirio, Kiwira, Songwe, na njiani anakutana na nyavu zilizoziba mdomo wa mto na tope la mashamba ya kandokando. Ni samaki aliyeorodheshwa kuwa hatarini, na sisi watu wa Kyela na Rungwe tunaomsifia mezani ndio wa kwanza kumkosa. Shemeji alinung'unika kidogo. Mimi nilimshukuru mzee kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, na nilimaanisha. Dume tuliyempata baadaye tulimla.

Nilimwomba pia atupeleke kwenye mawe tukatafute mbufu, yule mkubwa asiye na magamba, mwenye ndevu. Alikataa upande mmoja wa mwamba akisema wana makinda pale. Mbufu hulinda kiota, na jike huwalisha watoto wake mayai yasiyorutubishwa; ukimtoa yeye, makinda yote yanabaki chakula cha wengine. Mwongozaji anayekataa kukufurahisha kwa sababu ya namna hiyo mimi namwamini.

Sasa lawama. Majaketi ya kuokolea maisha yalikuwa pungufu, na lile nililopewa mimi kamba yake ya kiunoni ilikatika nilipoifunga. Mzee si mwenye boti. Boti ni ya nyumba ya wageni tuliyoshukia, ambao walituahidi kwa simu kwamba kila kitu kipo. Nilipowauliza tuliporudi, nikajibiwa kwamba ziwa lilikuwa shwari. Ziwa Nyasa hubadilika ghafla, kila familia ya Kyela inalijua hilo kwa uchungu, na jibu lile lilinikasirisha kuliko jaketi lenyewe. Ndoana nazo zilikuwa na kutu. Ubaya wa kutu si sura tu: ndoana butu hairuhusu samaki kuachiwa bila kuumizwa.

Kwenda ni rahisi: Uyole, Tukuyu, ukifika Kikusya unakata kwenda Ipinda hadi Matema. Jiandae na joto, kule chini si Mbeya. Ulizia leseni ya uvuvi wa burudani ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla hujashuka ufukweni. Ukiweza panga Ijumaa ulale, Jumamosi uvue, ukitoka majini upite gulio la Lyulilo, akina mama wa Kikisi wanaleta vyungu kwa mitumbwi. Mimi nilinunua cha kupikia mboga.

Kwa mzee natoa alama zote. Kwa wenye boti, nusu, hadi majaketi yapatikane ya kila kichwa. Safari ijayo nabeba langu kutoka Mbeya, na la shemeji pia.