Mifuko "inayooza": upi ununue, upi uuache dukani

Jamani, kabla hujalipia mfuko ulioandikwa unaoza, jua hilo neno peke yake halikwambii unaozea wapi wala baada ya muda gani, na hapo ndo wengi tunapigwa. Mimi naipanga hivi.

Wa kwanza ni ule mgumu wa kurudia, na hasa ule ulionao tayari nyumbani. Kama haujachanika, usinunue mwingine.

Wa pili ni wenye cheti cha mboji ya nyumbani, tafuta maandishi OK compost HOME. Huu ni wa taka za jikoni, unautupa kwenye lundo pamoja na maganda yake.

Wa tatu ni wenye alama EN 13432, na watu wanauchanganya sana na huo wa pili. Kipimo hiki ni cha kiwanda cha mboji, kwenye joto la kama nyuzi 58, humo ndo asilimia 90 ya mfuko inatakiwa igeuke kaboni dayoksaidi ndani ya miezi 6, sasa lundo lako la nyuma ya nyumba mara nyingi halipati joto hilo. Nunua kama tu wazoa taka wako wanaipeleka kiwandani, la sivyo hela yako imepotea.

Wa nne ni ule ulioandikwa "biodegradable" basi, hauna namba ya kipimo chochote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, waliacha mifuko ya aina tano udongoni, baharini na hewani, na 2019 wakatoa matokeo: baada ya miaka 3 huu ulitolewa udongoni na baharini bado unabeba manunuzi! Ule wa mboji baharini uliisha ndani ya miezi 3, lakini udongoni baada ya miezi 27 ulikuwa bado upo, ila ukiutia mzigo unachanika.

Wa mwisho kabisa ni wa oxo, yaani plastiki ileile ya kawaida imetiwa dawa ili ikatikekatike kwa jua na hewa. Niliuacha mmoja dirishani miezi kadhaa, nilipoushika ukabaki vipande mkononi, vyepesi kama magamba ya samaki, vingine vikapeperuka kabla sijaviokota. Na hivyo vipande haviozi, vinaingia kwenye udongo na maji vilevile. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku bidhaa za plastiki hii tangu Julai 2021. Kwahiyo geuza mfuko, soma yale maandishi madogo ya chini, ukiona "oxo" urudishe kwenye shelfu.